Mvi Ndani ya Mashine ya Wembe

Haya yalianza kwa kaka yangu wa tumbo moja, Edrine, kwa hiyo usiniulize nilisimuliwa na nani. Saluni yake ilikuwa Gudele, mtaa wa Juba, ukuta kwa ukuta na jiko langu la chapati, na dirisha lililokuwa kati yetu halikuwa na kioo. Mimi nilimwona akinyoa watu kutwa nzima, na yeye aliniona nikilizwa na moshi.

Kunyoa kulimpa chakula, lakini mapenzi yake yalikuwa kwenye mashine za wembe za zamani, zile nzito za shaba, ambazo ukizungusha kitako cha mpini kichwa kinafunguka milango miwili na wembe unalala katikati. Watu walimletea za babu zao, zimeota kutu ya kijani. Aliziloweka kwenye maji ya uvuguvugu na sabuni, kamwe si ya moto, maana ya moto hubabua ile rangi ya fedha ya juu. Halafu mswaki uliochakaa kwenye meno ya kichwa, majivu yaliyochekechwa, kitambaa laini, mpaka uione pua yako kwenye mpini. Na alikuwa na kiburi kimoja: hakurudisha mashine kabla hajaijaribu kwenye shavu lake mwenyewe, mwenye mali akitazama. Gudele nzima iliijua tabia hiyo.

Severino aliijua kuliko wote. Alikulia ukimbizini Uganda, akasoma darasa moja na Edrine, na ndiye aliyetushawishi tuje Juba. Alikula chapati zangu kama mtoto wa nyumbani. Nilizoea kumtania kwa zile ndevu zake chafu, zenye mvi kuliko umri wake: rafiki wa kinyozi anatembea na kichaka kidevuni! Alicheka tu. Siku moja ncha ya bati la kibanda changu ilimchana kiganja, nikakimbilia kitambaa. Alikuwa ameshauficha mkono mfukoni. Nilitazama chini, sikuona hata tone la damu, nikadhani ana bahati.

Edrine alipokaribia kwenda Masaka, Uganda, kumwoa Josline wake, Severino alikuja saluni na kitu kimefungwa kwenye kitambaa.

"Mimi iko na zawadi ya arusi yako," alisema. "Ilikuwa ya baba yangu. Safisha, jaribu. Siku ile uso yako ing'are."

"Ya marehemu? Si uibakize wewe?"

"Mimi iko na ndugu moja tu Juba hii. Ni wewe."

Kaka yangu alilengwa na machozi, na mimi pia, mjinga wa kwanza. Aliifungua palepale. Chini ya milango ya kichwa kulikuwa na sabuni iliyoganda, na ndani ya sabuni, mvi. Alizitoa kwa pini, akaosha, akasugua. Severino alikataa chai. Alikaa kwenye benchi, macho hayatoki kwenye mikono ya Edrine. Edrine alipopitisha mashine shavuni mwake, nilimsikia Severino akishusha pumzi.

Kisha akakalia kiti cha kunyolewa, kwa mara ya kwanza tangu tumfahamu. "Sasa ninyoe mimi," alisema.

Edrine alichukua wembe wake wa kila siku. Kidevuni ulimteleza kidogo, damu ikachuruzika. Akaanza kuomba radhi. Severino aliigusa damu, akaitazama kidoleni, akatabasamu huku analia.

"Kalas," alinong'ona. "Kalas, ndugu yangu. Malesh."

Yamekwisha, samahani, kwa Kiarabu cha Juba. Alitoka bila kujifuta. Simu yake haikupatikana tena, na chumba chake kule Nyakuron tulikikuta kitupu.

Asubuhi iliyofuata Edrine alifungua mashine. Ndani mlikuwa na mvi. Mbichi, zina povu. Alinishuku mimi kwa utani, akaisafisha. Kesho yake zilikuwepo tena. Na ndevu zake mwenyewe zilianza kuota, nyeupe, ngumu, za mzee.

Siku moja, jua likiwa juu ya mabati, aliniita kwa jina dirishani, kwa sauti ndogo.

"Kisa. Hebu nitazame."

Alikuwa amejikata shavu. Mdomo wa kidonda ulikuwa wazi. Nyama ilikuwa nyeupe. Aliuminya. Hakuna kitu. Aliminya tena, kwa nguvu, na macho yake yakaniomba nimweleze.

"Josline asinione hivi," alisema.

Alichukua bodaboda hadi Rejaf kwa Teresina, shangazi yake Severino, akarudi alasiri. Alisema shangazi amempa dawa: mashine ioshwe na mkono wa mtu mwingine, kisha izikwe, basi. Hakuniangalia aliposema. Nilidhani ni aibu.

Niliiosha, kwa mswaki na majivu, kama nilivyomwona akifanya miaka yote. Mvi zilishika vidole vyangu, nikazisuuza huku namwomba Mungu amponye kaka yangu. Nilipomaliza, alinikalisha kwenye kiti.

"Nikuchonge kisogo," alisema. "Utakuja arusini na kichwa hicho?"

Huwa ananichonga kwa mashine ya umeme. Siku hiyo nilihisi chuma baridi shingoni. Mara moja tu. Nilipogeuka, alikuwa amejichoma kidole kwa ncha ya wembe, na damu inamdondokea kwenye kandambili. Alikuwa anatabasamu, machozi yanamtoka. Nikamkumbatia! Nilimkumbatia na kumshukuru Mungu kwa sauti.

Alisema ataizika yeye mwenyewe, akaondoka na basi la asubuhi kwenda Masaka. Mimi ningefuata baadaye na mashangazi zetu.

Mashine niliikuta kwenye rafu yangu ya chumvi. Imekauka, inang'aa.

Niliposikia kisu kimepita kidoleni nikiwa nakata vitunguu, nilinyonya kidole kama kawaida. Hakikuwa na ladha. Nikatazama. Palikuwa peupe. Wateja walikuwa wanangoja. Niliendelea kukata.

Kwa Teresina nilikwenda kwa miguu yangu. Alikuwa anaanika samaki. Alitazama kisogo changu kabla ya uso.

"Wembe iliyonyoa maiti, kwetu inazikwa na maiti," alisema. "Hii ilinyoa maiti ya baba yake, Severino akaificha. Alitaka uzuri yake."

"Basi nionyeshe kaburi, Mama. Niizike."

Alinyoosha mkono kuelekea mtoni. Ukingo ulikuwa umebomoka pamoja na kaburi, maji yanapita.

"Anayeosha nywele ya mzee, halafu wembe inamgusa ngozi, mzee anahamia kwake. Yule wa kwanza anapona." Alishusha sauti. "Biniya, binti yangu, mimi nilimwambia kaka yako hii yote. Alikaa hapo ulipo. Akaniuliza, lazima awe mgeni, ama hata ndugu inaweza?"

Sikuenda arusini. Josline alinitumia picha kwenye simu. Kaka yangu amesimama katikati ya watu, uso laini, unang'aa, na kidevuni ana mkato mdogo. Kwenye kola ya shati lake jeupe kuna tone jekundu. Josline ameandika kuwa mashangazi walimsihi abadilishe shati, akakataa kabisa, akawa anacheka tu. Kicheko hicho nakijua. Mvi zimeshaota kisogoni mwangu, na mashine iko rafuni, na kila mteja mwenye mikono mizuri namtazama mara mbili. Mdogo wake Josline anataka kuja Juba kunisaidia kazi. Ameniandikia, ananiita dada. Bado sijamjibu, na ndicho kinachoniogopesha kuliko mvi.

Nilikuza ile picha kwa vidole nimwone Edrine vizuri, nijue kama macho yake yana hata chembe ya huzuni juu yangu. Hayana. Nilipoondoa vidole, juu ya uso wake kwenye kioo cha simu palibaki povu la sabuni, la vuguvugu, na unywele mmoja mweupe.