Bomba Chini ya Meza

Saa moja na dakika arobaini asubuhi, Jumanne ya mwisho ya Mei, ukuta wa sebule ya Chizuru Kanamori ulivuta pumzi. Karatasi nyeupe ya plastiki iliyobandikwa ukutani ilibonyea, ikatulia, kisha ikavimba. Chizuru alidhani ni feni ya kubadilisha hewa, inayozunguka usiku na mchana. Akaizima. Ukuta ukaendelea.

"Mama," alisema binti yake Honoka, mwenye miaka sita, bakuli la wali mkononi, "kuna mtu anahema chini ya meza."

Kisha akaanza kukohoa.

Kufikia Ijumaa nyumba ilinuka matope ya kale. Ukuta ulipovuta, mtoto alikosa pumzi, ulipoachia, aliipata. Daktari alipiga picha mapafu, akayakuta safi. Kwa bibi yake alilala vizuri siku mbili. Aliporudi, midomo iligeuka bluu kabla hajavua viatu mlangoni.

Jumatatu Chizuru alimwita fundi Iwakiri, aliyesimamia ujenzi wa nyumba hiyo. Alikuja na kipima unyevu, akagonga kuta za nje.

"Tofali hili si tofali, mama, ni saruji iliyochapwa. Sakafu yenu ya mwaloni ni picha ya mwaloni. Kitu cha asili hapa ni mgongo wangu tu, nao umekwisha."

Chizuru hakucheka. Fundi akafungua kifuniko cha sakafu jikoni. Hewa baridi ikampiga usoni. Akanong'ona.

"Hapa palikuwa na kisima."

"Mlikifukia?"

"Kwa taratibu zake zote. Sake, ile pombe ya mchele, chumvi, na bomba la kumpa pumzi mungu mwenye kisima."

"Na bomba liko wapi, fundi?"

"Lilichomoza hapo penye meza yenu. Meneja wa kampuni ya ujenzi akasema, nani atanunua sebule yenye bomba katikati? Nikalikata. Nikamwaga zege juu yake."

"Umemziba pua."

"Nimemziba, mama. Nisamehe."

Ndipo kuta zote zikavuta kwa pamoja, na madirisha ya vioo viwili yakang'ang'ania fremu zake za alumini, na mlango ambao Chizuru aliuvuta kwa mikono miwili haukusogea hata kidogo, na Honoka akaanguka zuliani, mdomo wazi, sauti haitoki, huku Iwakiri akisukuma meza kando na kupiga magoti na drili yake ya zege, ikilia, ikirusha vumbi, ikizama kidogo kidogo, mpaka ikatumbukia.

Hewa ikapiga mluzi. Mtoto akapumua.

Kesho yake kuhani wa hekalu la mtaa aliweka bomba jipya, akafunga ukanda wa karatasi nyeupe mdomoni mwa bomba hilo.

"Sasa wanapumua wote wawili," alisema kwa sauti ya chini. "Msilizibe tena."

Meza ilihamishiwa dirishani. Karatasi ya bomba ikawa inaingia na kutoka, polepole, mchana kutwa. Honoka hakukohoa tena.

Jumatano ya pili ya Julai, saa nne na dakika tano asubuhi, karatasi ilianza kupepea mbio, kama pumzi ya watu wawili. Chizuru aliitazama, akatazama saa. Ilipepea hivyo dakika tisa.

Saa nne na dakika ishirini mwalimu alipiga simu. Honoka alikuwa amezama kwenye bwawa la shule tangu saa nne na dakika tano. Walimtoa saa nne na dakika kumi na nne, akiwa mzima, anatabasamu, wala hatweti. Mwalimu alimuuliza alipumuaje kule chini. Alijibu kwamba alipumulia nyumbani.