Kutoka Futi Tisa Hadi Futi Saba

“Kilo sabini na nne ni za nani?”

Nesi alikuwa ndiyo kwanza anatoka bafuni, taulo kichwani. Mchumba wake alisimama katikati ya sebule, ameishika simu ya Nesi kama mtu aliyekamata mwizi.

“Umeanza lini kupekua simu yangu?”

“Imelia yenyewe mezani. Jibu swali! Mwaka wa pili huu, nikikuuliza uzito wako unaniambia nikome. Huyu Fundi ameujuaje?”

Akamsomea ujumbe wote:

“‘Nimekata kwa vipimo vyako. Kilo 74 nimezizingatia. Njoo Alhamisi ujaribu, ila uje peke yako. Akijua mapema atakuharibia.’ Ujaribu nini, mama? Aharibu nini?”

Nesi akaangua kicheko mpaka taulo likadondoka.

Mchumba huyo ufukweni wote walimwita Mwalimu. Kazi yake ilikuwa kufundisha watu kusimama juu ya ubao na kuteleza na mawimbi. Nesi alimjia siku moja ya mapumziko, akitokea wodi ya wazazi, akapewa ubao mrefu wa futi tisa, mpana kama mlango. Akaanguka, akacheka, akarudi Jumamosi iliyofuata. Jumamosi ya tatu hakuwa amefuata mawimbi tu, na Mwalimu naye hakuwa mjinga.

“Unaonea wivu ubao,” Nesi alisema akijifuta machozi. “Fundi ananichongea ubao wangu mwenyewe, wa futi saba. Hawezi kuukata bila kujua uzito wa mtu atakayeupanda. Wewe unalijua hilo kuliko mimi.”

Hapo Mwalimu alipaswa kucheka naye yaishe. Hakucheka.

“Nilikuambia bado hujawa tayari.”

“Ulianza kuniambia hivyo mwaka jana. Wanafunzi wako wa miezi minne umewahamishia ubao mfupi. Mimi nina kasoro gani?”

“Huna kasoro.”

“Sasa?”

Mwalimu akairudisha simu mezani.

“Fundi alinitazama asubuhi moja tu, akasema ningekuwa nimeshahama zamani. Nikamjibu kwamba mwalimu wangu ni mchumba wangu, hawezi kunidanganya. Unajua alifanya nini? Aliinamisha kichwa. Nilipata aibu, wewe!”

“Mpenzi...”

“Usiniite mpenzi sasa hivi. Harusi ni mwezi ujao. Alhamisi naingia majini na ubao wangu. Utakaa mchangani unitazame, nikitoka utaniambia ukweli. Ukinidanganya nitajua, na harusi hakuna.”

Mwalimu aliondoka. Njiani akampigia dada yake.

“Dada, nimeharibu.”

“Umefanya nini tena?”

“Ubao mrefu unatosha mawimbi haya madogo ya karibu. Akiuzoea mfupi atataka kwenda nje, kule nyuma ya miamba. Na mimi na goti hili bovu, kule siendi tena. Nikaona bora nimcheleweshecheleweshe.”

“Yaani umemfunga binti wa watu kwa sababu ya goti lako?”

“Nampenda, dada. Kule nje wako wazima wenzake. Akishawazoea, atanitakia nini mimi?”

“Mwambie yeye, usiniambie mimi. Na usimpunguzie hata neno.” Dada akakata simu.

Alhamisi asubuhi Nesi aliingia majini na ubao mpya. Ukamtupa. Akapanda, ukamtupa tena. Mara ulizama pua, ile ncha ya mbele, mara ulimponyoka ukamwacha anamwaga maji puani. Mwalimu alihesabu mianguko kumi na moja. Kusema kweli, moyo wake ulimjaribu: neno lile lile la “bado” lingetosha, na safari hii lisingekuwa uongo.

Nesi alitoka anahema, kiwiko kimechubuka.

“Sema.”

“Bado hujaweza.”

Macho ya Nesi yakajaa machozi.

“Ngoja, sijamaliza. Unachelewa kupiga mikono majini. Ubao mrefu ulikuwa unakusubiri, huu haukusubiri. Unasimama mbele mno, ndiyo maana unazama pua. Ni makosa ya mtu anayeanza, yanaisha kwa wiki chache. Ungeanza miezi sita iliyopita, leo ungekuwa umeshaweza. Ni mimi niliyekuchelewesha.”

“Kwa nini?”

“Kwa sababu utakwenda nje, na mimi siwezi kukufuata. Niliogopa utaniacha.”

Nesi akakaa mchangani.

“Nimezalisha wanawake zaidi ya mia tatu,” alisema. “Sijawahi kumwona mwanaume mwoga kama wewe.”

“Najua.”

“Na nina hasira.”

“Una haki.”

“Nitakaa nazo mpaka ziishe. Wewe usiniharakishe.” Akatoa simu kwenye mkoba, akaandika, akamwonyesha: *Mama, sahau niliyokuandikia asubuhi. Harusi ipo palepale. Mkweo kasema ukweli.*

Mwalimu akataka kumkumbatia. Nesi akamzuia kwa kiganja.

“Kwanza nifundishe. Kama mwanafunzi mwingine yeyote.”

Wakaingia wote, maji kiunoni. “Piga mikono! Mapema! Sasa! Mguu wa nyuma urudi nyuma!” Nesi akasimama sekunde tatu, akadondoka, akaibuka anapiga kelele kama aliyeshinda bahati nasibu. Mwalimu alipiga kelele kumshinda.

Jumamosi ya mwisho kabla ya harusi, Nesi alisimama ukingoni na ubao wake kwapani, akitazama kule nyuma ya miamba. Safari hii hakuuliza kama yuko tayari.

“Nenda,” Mwalimu alimwambia. “Upite kushoto mwa miamba, mkondo wa kule ni mpole. Na usiogope ukubwa wa mawimbi, umeshaiva.”

Akaenda. Mwalimu alikaa mchangani saa nzima, goti limenyooshwa. Alikiona kichwa chake, akakipoteza, akakiona tena. Mara moja alimwona amesimama wima juu ya wimbi refu, akapita nalo mpaka akapotelea ng’ambo ya miamba.

Alirudi ametapakaa chumvi, midomo inatetemeka, anacheka peke yake. Akalipita kundi la wale wenzake wa mawimbi ya nje, akaja moja kwa moja mpaka alipokaa Mwalimu, akajitupa ubavuni kwake na maji yote yale.

“Kukoje siku hizi?” Mwalimu aliuliza polepole.

“Unataka nikusimulie?”

“Yote.”

Nesi akamwegemea begani, akaanza na wimbi la kwanza.