Sahihi za Wiki Nzima

Kila Jumapili saa kumi na moja jioni, kabla ya kufunga kamba za viatu vyake vya kazi, Luseno aliitisha kadi.

"Ayuma! Leta hicho kikadi chenu nikimalize, nisije nikafungiwa geti."

Ayuma, binti yake wa miaka kumi na miwili, aliileta pamoja na kalamu. Baba aliiweka juu ya goti, akatia sahihi ya Jumatatu, akatia ya Jumanne, akateremka hivyo hivyo mpaka Jumapili inayofuata. Sahihi saba kwa pumzi moja. Kisha alichukua mfuko wake wa chakula, akashuka ngazi za ploti, jengo la vyumba vya kupanga walimoishi katika mtaa wa Baba Dogo, akaenda zake Industrial Area, ambako alifanya kazi ya usiku katika kiwanda cha sabuni.

Kadi hiyo ilitoka kanisani. Watoto wote waliojiandaa kwa kipaimara walipewa moja moja. Kwa siku tisini, kila jioni, mtoto alitakiwa kusoma fungu moja la Biblia nyumbani, na mzazi atie sahihi kuonyesha kwamba amemsikia kwa masikio yake. Ambaye angekosa zaidi ya siku kumi angengoja mpaka mwaka ujao. Sheria hiyo ilitungwa na wazee wa baraza la kanisa, ambao hakuna mtu aliyewahi kuwapa kadi.

"Baba, lakini bado sijasoma," Ayuma alisema ile Jumapili ya kwanza.

"Utasoma. Wewe si mtoto wa mama yako? Waliotunga mambo haya ni watu wanaolala vitandani mwao usiku. Mimi waliniuliza natoka kazini saa ngapi?"

Kwa Luseno hilo halikuwa jambo kubwa. Kiwandani vibarua waliwekeana sahihi kwenye daftari la geti kila siku, mmoja akichelewa mwenzake anamwekea, na mambo yanaendelea.

Ayuma alisoma wiki yote ya kwanza. Wiki ya pili alisoma siku tatu. Siku ya nne stima ilipotea ploti nzima, taa zikazimika. Siku ya tano stima ilirudi, lakini alikuwa na kazi nyingi ya shule. Siku ya sita aliitazama kadi, akaona sahihi ya siku hiyo imekaa mahali pake, imetulia, kana kwamba ameshasoma. Akaifunga. Tangu hapo hakuigusa tena Biblia. Ilikuwa Biblia ya marehemu mama yake, na ilirudi juu ya kabati, ilikokuwa imekaa miaka miwili tangu mama alipofariki akingoja kitanda katika hospitali ambayo wakubwa waliikatia utepe wakasahau kuitilia dawa.

Ndipo ikafika Jumamosi ya mwisho. Askofu angekuja kesho yake.

Saa tatu asubuhi watoto kumi na tisa walijipanga katika ukumbi wa mabati kando ya kanisa. Mwalimu Norah, aliyewafundisha, alizipitia kadi moja baada ya nyingine. Alipofika kwa Wanza, rafiki wa Ayuma na jirani yake wa mlango wa tatu, kalamu yake ilisimama.

"Wanza, siku kumi na tatu ziko tupu. Kwa nini?"

"Sikusoma, Mwalimu. Mama anauza chapati stejini, pale kwenye mabasi, mpaka saa mbili usiku, na mdogo wangu alikuwa na homa. Nikimbembeleza alale, na mimi nalala."

"Si ungejisainia tu!" Ooko alipiga kelele kutoka nyuma. "Kwani kalamu inauma?"

Darasa likaangua kicheko. Wanza aligeuka akamtazama Ooko, na hakuonekana amekasirika. Alionekana haelewi.

"Nisaini nini na sijasoma?"

Mwalimu Norah alishusha pumzi. "Sheria ni siku kumi, mwanangu. Si mimi niliyeiweka. Itabidi ungoje mwaka ujao."

Wanza aliketi. Gauni lake jeupe lilikuwa limeshashonwa, na nyanya yake alikuwa ameondoka kwao Mwingi alfajiri hiyo hiyo kuja kumwona akiwekewa mikono na askofu.

Kadi ya Ayuma ndiyo iliyofuata. Mwalimu Norah aliitazama, akaigeuza, akaitazama tena. Halafu akaiinua juu.

"Sahihi tisini! Hata moja haijakosa. Ayuma, kesho utasimama mbele ya askofu utueleze kwa dakika mbili jinsi Neno lilivyokusaidia nyumbani."

Wakampigia makofi. "Pasta Ayuma!" Ooko alisema. Ayuma alitabasamu, na tabasamu lenyewe lilimwuma mashavu.

Njiani kurudi alitembea mbio mbio, akiruka mitaro ya maji machafu.

"Kwani kuna nini?" Wanza aliuliza akimfuata. "Unatembea kama umekanyaga makaa."

"Ile sheria ni mbaya. Wale wazee ni wabaya. Na Mwalimu naye anawaogopa tu."

"Lakini si ni kweli sikusoma?" Wanza alisema. "Wewe ulisoma. Basi. Shida ni nyanya tu. Sijui nitamwambiaje akishuka kwenye basi."

Wewe ulisoma. Maneno hayo yaliingia chumbani pamoja na Ayuma yakakataa kutoka. Aliosha vyombo, kisha akaviosha tena vikiwa safi. Alichukua mtungi akaenda kupanga foleni ya maji, akauacha kwenye foleni akarudi, akaurudia. Alikaa, akasimama. Baba alikuwa amelala upande wa pili wa pazia, amechoka na kazi ya usiku. Ayuma alichukua karatasi aandike maneno ya dakika mbili. Aliandika "Neno la Mungu limenisaidia," akakwama hapo. Lilikuwa limemsaidia nini? Hakuwa na hata jambo moja la kusema.

Mwishowe alipanda juu ya kiti akaishusha Biblia. Angalau angesoma fungu la siku hiyo, apate la kuwaambia watu. Vumbi la kabati lilimfanya apige chafya.

"Nani huyo?" Luseno aliamka. "Unafanya nini?"

"Nasoma, Baba."

"Basi soma kwa sauti. Leo niko."

Fungu lilikuwa lile la nabii Nathani alipokwenda kwa mfalme Daudi. Ayuma alisoma juu ya watu wawili katika mji mmoja. Mmoja alikuwa tajiri mwenye kondoo na ng'ombe wengi mno. Mwingine alikuwa maskini, na mali yake yote ilikuwa kondoo jike mmoja mdogo, aliyekula chakula chake na kulala kifuani pake kama binti. Tajiri akapata mgeni. Akawaacha kondoo wake wote, akamchukua yule mmoja wa maskini akamchinjia mgeni.

"Mwenye ploti huyo!" Luseno alisema, akisukuma pazia. "Ndiye kabisa! Ana nyumba tisa, akaja kuufungia kufuli mfereji wetu mmoja wa maji. Haya, soma, nataka kusikia alivyofanywa."

Ayuma naye damu ilikuwa imempanda. Alisoma jinsi mfalme alivyokasirika, akaapa kwamba tajiri huyo anastahili kufa.

"Sawa sawa!" Luseno alipiga goti.

Ayuma akasoma mstari uliofuata. Nabii alimwambia mfalme kwamba mtu huyo ni yeye mwenyewe, aliyemchukua mke wa askari wake. Ayuma aliacha kusoma hapo hapo.

"Mbona umenyamaza?"

"Baba, ni mimi."

"Wewe ni nini?"

"Mtu huyo. Sikusoma, Baba. Karibu siku zote hizi sikusoma. Sahihi zilikuwa zipo, basi nikaziacha zisome zenyewe. Na leo Wanza amekatwa kwa siku kumi na tatu, na mimi nimepigiwa makofi."

Luseno alisimama, akaketi. "Sikiliza. Usianze kujitafutia makosa. Stima haikupotea? Mimi sikuwa kazini? Hao wazee wenyewe wanasoma? Wangekuwa na akili wangeuliza watu wanafanya kazi saa ngapi. Makosa ni yao."

"Stima ilipotea siku moja, Baba."

Luseno alinyoosha mkono akaichukua kadi. Alizitazama sahihi kwa muda mrefu, akizifuata kwa kidole, saba, kisha saba nyingine.

"Mwezi uliopita," alisema polepole, "msimamizi wa kiwanda alimfukuza mwenzetu Wabwire kwa sababu ya kuwekea watu sahihi getini. Nilimtukana msimamizi huyo wiki nzima. Na ni mtu mbaya, sikatai. Lakini nyumbani kwangu nilikuwa nakufundisha kazi ile ile." Aliinuka akatafuta shati. "Vaa viatu."

"Baba, na kesho? Na askofu?"

"Vaa viatu, mama."

Walimkuta Mwalimu Norah nyumbani kwake katika mtaa wa Huruma, ghorofa ya nne, akipiga pasi kitambaa cha madhabahu. Ayuma alisimama mlangoni akasema yote kwa mara moja, kama mtu anayemwaga maji asije akabadilisha nia. Alipomaliza, baba yake alisema, "Na mkono ulioandika ni wangu, Mwalimu."

Mwalimu Norah alichomoa pasi ukutani. Akaisimamisha kando.

"Kadi yako ina sahihi ya jioni ya leo," alisema mwishowe. "Uliniletea saa tatu asubuhi, na ya jioni ilikuwa imeshatiwa. Niliiona, Ayuma. Nikajifanya sikuiona, kwa sababu nilitaka kadi moja iliyojaa nimwonyeshe askofu. Kwa hiyo tuko watatu hapa." Alikunja kitambaa, akakikunjua. "Mlisoma mfalme alijibu nini?"

"Tuliishia kwenye nabii," alisema Ayuma.

"Alisema amemkosea Bwana. Basi. Hakuwataja wazee wake, wala askari wake, wala jua kali."

Luseno alikohoa. "Na yule mtoto mwingine je, Mwalimu? Atafungiwa nje kwa kusema kweli? Niitieni hao wazee wenu, nitawaambia mwenyewe!"

"Ngoja kwanza, Baba Ayuma. Nina langu la kumwambia kasisi, na la Wanza pia."

Aliingia chumba cha ndani na simu yake. Ayuma alihesabu madirisha ya jengo la ng'ambo, akapoteza hesabu, akaanza upya. Mwalimu aliporudi, macho yake yalikuwa mekundu kidogo.

"Kasisi Nalianya amesema kadi iliwekwa ili watoto wasome, na Wanza amesoma siku sabini na saba na akasema kweli juu ya zilizobaki. Atasimama kesho. Habari ya wazazi wanaofanya kazi jioni na usiku, baraza halikuwahi kuifikiria. Amesema hilo ni kosa lao, watalirekebisha. Lakini wewe, Ayuma..."

"Najua, Mwalimu. Mimi nitangoja."

"Utaanza upya na wale wa mwaka ujao. Na kesho hakuna wa kutoa ushuhuda. Ila kabla ya ibada, uwaambie wenzako darasani. Unaweza?"

Ayuma aliitikia kwa kichwa. Hakuwa na hakika kwamba anaweza.

Kwanza alimwambia Wanza yote jioni ile ile, kwenye ngazi, pamoja na habari kwamba kasisi amemruhusu. Wanza aliegemea ukuta.

"Ulinisikia nikichekwa ukanyamaza," alisema.

"Ndiyo."

"Hiyo imeniuma kuliko kadi." Wanza aliingia kwao akafunga mlango. Lakini baada ya muda mlango ukafunguka, akatoa kichwa nje. "Nyanya amefika. Njoo umsalimie, halafu unisaidie kusuka nywele. Bado nimekasirika."

Jumapili asubuhi, katika ukumbi wa mabati, Ayuma aliwaambia wenzake. Maneno yalitoka vipande vipande, na hayakufika hata dakika moja. Alingoja kicheko kutoka nyuma. Hakikuja. Ooko alikuwa ameishika kadi yake kwa mikono miwili, anaiangalia. Wengine walipotoka kwenda kanisani, yeye alibaki karibu na meza ya Mwalimu.

Ayuma aliketi na baba yake benchi la tatu, amevaa gauni lake la kila siku. Wanza alipopiga magoti mbele ya askofu, nyanya yake alipiga vigelegele vilivyowageuza watu vichwa mpaka mlangoni. Ayuma alilia kidogo, kwa kuwa alitamani kuwa pale, na kwa kuwa hakuwa na jambo tena la kuficha.

Walipokuwa wakirudi nyumbani, Luseno alitembea mbele mpaka walipofika lango la ploti.

"Wakubwa wana makosa yao," alisema, "na nitaendelea kuyasema, maana mfereji bado una kufuli. Lakini nimekaa miaka nikisikia mahubiri na kila neno nikimpelekea mtu mwingine. Hili la mwenye ploti, hili la msimamizi, hili la wazee. Langu sikuwahi kulichukua. Sasa sikia, mwanangu. Ukiifungua Biblia, jiulize kwanza hapo mimi ni nani. Ukiona kosa lako liseme mapema, likiwa bado ni lako peke yako, kabla halijamwumiza mwenzako. Imani haitiwi sahihi na baba. Kila mtu anaiishi mwenyewe, siku kwa siku."

"Na wewe utakuwa kazini jioni, Baba."

"Nitaomba wanibadilishie zamu. Watakataa, nawajua. Basi tutasoma saa kumi ukitoka shule, kabla sijaenda. Wewe utasoma, mimi nitasikiliza. Na ukimaliza," aliongeza, akimfungulia lango, "utaniuliza mimi kwanza nimejiona wapi."