Nilimjibu Mama "Ndiyo" Bila Kumsikia

Nina miaka hamsini na miwili, mshonaji wa nguo mtaa wa Katindo, hapa Goma. Sigara sijawahi kuitia mdomoni. Moshi ninaoujua ni wa makaa tu. Nilipoanza kukohoa damu sikuwaza kansa... nani angewaza?

Kwanza nilitibiwa kifua kikuu, kikohozi kikabaki palepale. Ndipo tukatumwa hospitali kubwa, wakanitoboa mbavuni kuchukua kipimo. Siku ya majibu mume wangu, Papa Furaha, aliingia kwa daktari peke yake. Mimi nilibaki nje kwenye benchi. Kwetu ndivyo ilivyo: mgonjwa haambiwi jina la ugonjwa mzito, asije akafa kwa woga.

Alitoka akitabasamu. Eti ni uvimbe mdogo kwenye pafu, utayeyushwa kwa serum, dawa ya kutundikiwa mshipani! Nikamwomba kitu kimoja tu: kabla ya yote niende Rutshuru nimwone mama yangu, mzee asiyeweza tena kusafiri. Akasema dawa haingoji, nitaenda nikipona.

Ole wangu! Niliwekewa dawa mbili kwa pamoja. Nilitapika mpaka nyongo. Nywele zikabaki kwenye mto. Vidole vikafa ganzi, sindano naishika lakini siihisi. Kisha masikio yakaanza kulia, mlio mwembamba usiokatika, kama birika linalochemka chumba cha pili. Kikohozi kilipungua, hilo sikatai.

Asubuhi moja mama alinipigia kwa simu ya jirani yake. Sauti ilikuja, maneno hayakuja... mlio tu! Niliogopa kumtia wasiwasi, nikajibu, "Ndiyo, mama." Akasema kitu kingine, kirefu. Nikajibu tena, "Ndiyo."

Juma lilelile mama alifariki, nami sikuwa na nguvu hata za kwenda kumzika. Yule jirani alikuwa ametoka nje wakati tunaongea. Anachojua ni kwamba mama alilala ametulia, akisema binti yake amemkubalia.

Amemkubalia nini?

Niliporudi hospitali na mume wangu nililalamika kuhusu masikio. Daktari alishangaa, akapaza sauti.

"Mama, ile siku nilieleza yote. Dawa mbili zinaweza kuongeza maisha, lakini zinaweza kuharibu masikio na vidole. Moja peke yake ni nyepesi, ila nguvu yake ni ndogo. Papa alisema muliongea, ukachagua mbili."

Nilimgeukia mume wangu. Alikuwa anatazama viatu vyake.

Nyumbani aliketi karibu nami, akasema kwa sauti ya juu ili nisikie: "Nilikuwa nataka uishi tu, Mama Furaha. Kama ningekuambia, ungekataa."

Je, nimchukie? Niko hai, pengine kwa sababu yake. Pengine hata mimi ningechagua hizohizo mbili! Lakini ningeenda Rutshuru kwanza. Ningekaa jikoni kwa mama na masikio yangu mazima, aseme mpaka achoke.

Wasomaji wenzangu, nawasihi: mgonjwa wenu akiwa nje kwenye benchi, mwiteni ndani. Aambiwe dawa itampa nini na itamnyang'anya nini, kisha ajibu kwa mdomo wake mwenyewe. Msimjibie, hata kwa mapenzi.

Mlio haujakatika mpaka leo. Kila nikiinamia cherehani najiuliza nilimkubalia mama jambo gani... na kama bado analingoja.