Gari Lililovuta Maji

Kila asubuhi Waridi hupika mahamri na mbaazi nyumbani kwake, mtaa wa Jamhuri. Kisha yeye na mumewe, Zaki, hupakia chakula kwenye gari lao dogo na kuwapelekea wateja wa ofisini Upper Hill. Waridi huendesha. Zaki hushuka na kugawa. Gari hilo ndilo linalowalisha.

Siku moja Zaki alilipeleka gari kwenye duka la vipuri mjini. Alirudi akitabasamu.

"Sikiliza mngurumo huo," alisema. "Nimefungiwa paipu mpya ya kuvutia hewa. Sasa injini inapumua vizuri."

Kweli gari lilinguruma hadi majirani wakachungulia madirishani. Lakini haukupita muda, taa ya injini ikawaka kwenye dashibodi. Tena likisimama kwenye foleni, gari lilitetemeka kama mwenye homa.

"Zaki, taa hii inatuambia kitu," Waridi alisema.

"Si kitu. Injini inazoea tu," Zaki alijibu.

Kisha ikaja mvua. Ilinyesha usiku kucha. Asubuhi, karibu na lango la mtaa, maji yalikuwa yamefunika barabara. Gari dogo kuliko lao lilipita polepole, likatoka salama. Waridi akalifuata. Katikati ya maji injini ikagonga mara moja, ka! Ikazimika.

Waridi alichungulia nje. Maji hayakuwa yamefika hata mlangoni!

"Piga stata," Zaki alimhimiza. "Piga tena!"

Waridi akashika ufunguo.

"Usiwashe! Waridi, toa mkono hapo!"

Aliyepiga kelele ni Manpreet, jirani yao, mwalimu wa ufundi wa magari chuoni. Alikuwa anakuja mbio ndani ya maji, viatu mkononi, shali imelowa chapachapa.

Wote watatu walilisukuma gari hadi pakavu. Manpreet akafungua boneti na kuchomoa waya wa betri. Halafu akaifuata ile paipu mpya kwa mkono. Ilishuka chini, ikashuka tena, hadi nyuma ya bampa. Huko ndiko lilikokuwa chujio la hewa, likichuruzika maji.

"Ya Rabbi!" Waridi akasema.

"Zaki, pua ya gari umeishusha hadi kwenye madimbwi," Manpreet alisema. "Ile ya kiwandani ilikuwa huku juu. Ndiyo maana mwenzenu amepita, nyinyi mmekwama."

"Sasa ningewasha ingekuwaje?" Waridi aliuliza.

"Injini hubana hewa. Maji hayabaniki. Ukipiga stata maji yakiwa ndani, vyuma vinapinda. Injini imekufa, basi."

Waridi alikwenda kuuchomoa ufunguo.

Zaki aliita pikipiki ipeleke chakula. Manpreet alileta spana zake. Akafungua plagi zote, zile zinazotoa cheche ndani ya injini, akakata umeme wake na mafuta ya kuingia kwenye injini, kisha akarudisha waya wa betri.

"Kaa mbali, Zaki. Waridi, sasa piga stata kidogo tu."

Maji yaliruka kutoka kwenye matundu ya plagi, fyaa, yakapita juu ya boneti. Zaki alirudi nyuma, mikono kichwani.

"Yote hayo yalikuwa ndani?"

"Yote. Na bado sijamaliza. Shika hapa."

Zaki akashika pale paipu inapoungana na injini. Klipu ya kuibana ilikuwa imelegea, inacheza.

"Kifaa hiki kwenye paipu kinaitwa sensa, kinapima hewa inayoingia," Manpreet alieleza. "Injini inatia mafuta kulingana na kipimo hicho. Hewa ikipenya hapa, baada ya sensa, haijapimwa. Hesabu inaharibika. Gari linatetemeka, taa inawaka."

Zaki aliiachia klipu. "Waridi aliniambia. Mimi nikasema si kitu." Akamgeukia mkewe. "Nisamehe."

"Lile sanduku la zamani la hewa umelitupa?" Manpreet aliuliza.

"Liko stoo."

"Lilete."

Walilirudisha mahali pake na chujio jipya, wakakaza kila klipu. Wakamwaga oili ya zamani; ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, kwa sababu ilikuwa imechanganyika na maji. Wakatia oili safi na plagi kavu. Waridi akawasha huku amefumba macho. Injini ilikohoa moshi mweupe, kisha ikatulia. Manpreet akaifuta taa kwa mashine yake ya kupimia. Haikuwaka tena.

Siku hizi Waridi akikuta maji barabarani, hayapiti, hugeuza gari. Huzunguka njia ndefu, na wateja hupata chakula chao.

Naye Zaki, kila jirani akisema anataka paipu kama ile, humfungulia boneti. Humwonyesha hewa inapoingilia. Humweleza kuhusu klipu, sensa na yale maji yaliyoruka. Humweleza mpaka Waridi apige honi.

"Zaki, twende! Mahamri yanapoa!"