Pumba Zilizolowa

Kila siku kabla ya kwenda shule, Verdiana alifagia uwanja, akapangusa kioo cha sanduku la baba yake, kisha akajaza maji kwenye pipa. Mwaka ule wa 1976 sanduku hilo lilikuwa gumzo la kijiji kizima cha Usevya. Baba yake, fundi Gaspar, alilaza ndani yake mabomba yaliyopakwa rangi nyeusi, akafunika kioo juu. Jua lilipowaka, maji yalipata moto mabombani yakapanda yenyewe hadi kwenye pipa lililowekwa juu zaidi. Pipa lenyewe lilikaa ndani ya kasha la mbao, na kati ya pipa na kasha zilishindiliwa pumba kavu za mpunga ili maji yasipoe usiku.

Wenye kucheka walicheka, lakini Gaspar alikuwa na sababu. Mkewe, Hilaria, alikuwa amejifungua karibuni, na mzazi hukandwa kwa maji ya moto alfajiri. Kuni zilipatikana mbali, kwenye pori wanakopita tembo.

Jioni moja kasha lilipasuka, pumba zikamwagika matopeni. Gaspar alilitengeneza, akamtuma Verdiana kwenye mashine ya kukoboa mpunga.

"Lete kavu, mwanangu. Kavu kabisa!"

Njiani wenzake walikuwa wanacheza rede, wakirushiana mpira na kuukwepa. Verdiana naye akaingia, akanogewa. Alipokumbuka alichotumwa, mashine ilikuwa imefungwa. Nyuma ya mashine kulikuwa na lundo la pumba lililonyeshewa mvua. "Pumba ni pumba," alijisemea, akajaza gunia. Nyumbani alizishindilia upesi, baba akiwa ameitwa kwa jirani, akafunika ubao.

Alfajiri shangazi Theopista alikuja kumkanda wifi yake. Alipotia mkono kwenye ndoo ya maji ya pipa, akayakuta baridi, alipiga kelele.

"Gaspar! Haya ni ya kumkanda mzazi au ya kuoshea bata?"

Kesho yake mambo yakawa yaleyale. Hilaria alijikunyata kitandani, mgongo ukimuuma, na hakulalamika. Hilo lilimchoma Verdiana kuliko kelele zote.

"Nyie mnamtesa huyu mama," shangazi alisema. "Ng'oa makorokoro yako, kaka. Verdiana aende kuni."

Gaspar aliinuka. Alichukua spana, akapanda kwenye ngazi taratibu kama mtu aliyeshindwa. Verdiana alimkimbilia. Akinyamaza, hakuna atakayejua kamwe.

"Baba, using'oe!" alilia. "Pumba nilizoleta zilikuwa zimelowa. Nilicheza mpaka mashine ikafungwa."

Gaspar alifungua ubao, akaingiza mkono. Ulitoka umelowa chepechepe. Alishuka, akaweka spana chini.

"Leta mkeka," alisema.

Walizianika pumba zote. Verdiana alizigeuza juani kutwa nzima, huku wenzake wakimwita kwenye rede, mpaka zikakauka zikawa zinachakarisha mkononi. Jioni walizishindilia pamoja.

Alfajiri iliyofuata shangazi alitia mkono kwenye ndoo, akautoa mbio. "Mama wee! Leteni maji ya kupozea!"

Punde sauti ya Hilaria ilisikika chumbani: "Aa, wifi, hapohapo!"

Gaspar alicheka, akamshika bintiye bega.

"Pumba zilizolowa tumezianika, zimekauka. Ila ungenyamaza, ningeng'oa kitu kinachomsaidia mama yako, nisijue kosa liko wapi. Ukikosea, mwanangu, sema mapema, wakati bado tunaweza kutengeneza."

"Nimesikia, baba," alisema Verdiana, akaenda kuchota maji mengine ya kumkandia mama.