Mota Isiyo na Mkanda

Mwizi aliyevunja mlango wa mashine ya kusaga ya Rebeka, pale Igoma, alibeba mota moja akaacha mbili. Inspekta Shimba alitazama sakafu iliyobaki tupu, akasonya. Nyaya zilikatwa vizuri, tena ncha zake zimefungwa utepe mweusi, mtu asije akapigwa na umeme. Mwizi gani huyu mwenye huruma?

"Ilikuwa ya kusaga au ya kukoboa?"

"Wala. Ilikuwa inazunguka tu. Haina mkanda."

"Basi washa hizi nyingine, kazi iendelee."

Rebeka akawasha. Zikanguruma papo hapo, hazikuzunguka. Akazima upesi zisiungue, akamweleza kwamba mota hizo zinataka umeme wa njia tatu, na mtaani kwake imefika njia moja tu. Ile isiyo na mkanda huvutwa kwa kamba mpaka ishike kasi, ndipo inawashwa, nayo huzizalishia zile mbili njia zilizopungua. Bila hiyo hakuna unga. Wateja walishaanza kuhamia kwa Ngosha, mwenye mashine nyingine, na wakizoea huko, yeye na wanawe watakula nini?

"Ni Ngosha," alisema. "Mkamate."

Inspekta alimkuta Ngosha akivuta kamba ya mota kama hiyohiyo, jasho linamchuruzika. Huyu alijua fika kitu cha kuiba. Lakini kumfungia utepe mshindani wake asidhurike? Thubutu!

Akarudi kwa Rebeka. "Mama, nani anakuhurumia, na hajui kazi ya ile mota?"

Machozi yakamlengalenga. "Kaka yangu Venant. Ni seremala, yuko Igogo."

Huko waliisikia mota kabla ya kuiona. Ilikuwa ikinguruma uani, imefungwa mkanda kwenye msumeno usioenda popote, na Venant ameketi juu ya mbao, ameshika tama. Inspekta akaizima.

"Umeitoa wapi?"

"Kwa mdogo wangu, afande."

"Mbona uliacha zile mbili?"

"Zile zinafanya kazi. Nitamzibia vipi riziki? Hii kila nikienda naikuta inazunguka mikono mitupu, na mimi napasua mbao kwa mkono mpaka mabega yanawaka moto. Niliona aibu kumwomba."

Inspekta aligeukia ukutani, akajifanya anakohoa.

"Ungeniomba ningekunyima," alisema Rebeka. "Lakini ningekwambia kwa nini."

Akamwambia. Venant aliposikia kwamba mashine nzima ilikuwa imelala, alijifunika uso kwa viganja, na dada mtu hasira zikamwisha nusu. Kesi akakataa kufungua. Ila kuanzia kesho, alisema, kaka yake atakuja Igoma kila asubuhi kuivuta ile kamba.

"Mpaka lini?" Venant aliuliza kwa unyonge.

Rebeka akamgeukia Inspekta. "Afande, mtu akiiba, sheria inampa miaka mingapi?"

Venant hakungoja jibu. Alikwenda kutafuta mkokoteni.